Hedi ya Corolla Juu ya Meza ya Uani

Gari likichemsha Barabara ya Morogoro saa kumi na moja jioni, ushauri hufika kabla boneti haijafunguliwa. Mwagia maji. Toa themostati. Nenda Kariakoo katafute hedi ya mtumba. Ushauri wa kwanza unaweza kuipasua hedi palepale, wa pili ndio mara nyingi uliolifikisha gari hapo, na wa tatu ni bahati nasibu, maana unanunua hedi iliyong'olewa kwenye gari usilolijua, kwa sababu usiyoambiwa. Upo ushauri wa nne ambao barabarani huusikii: ifungue hedi hiyohiyo nyumbani kwako, taratibu, uipime, umpelekee mchonga vyuma yale machache yasiyowezekana uani, kisha uifunge mwenyewe.

Najua wanaoishi kwa spana watacheka. Wacha wacheke, ila wanisikilize. Sisemi kwamba mwenye gari ni hodari kuliko fundi. Fundi wa chini ya mwembe ana mikono ambayo wengi wetu hatutaipata hata tukirudi shule. Asicho nacho ni muda. Analipwa kwa kazi, halipwi kwa saa. Gari likikaa kwake wiki nzima linamzibia nafasi, na mwenye gari naye hachoki kupiga simu: "Fundi, vipi, bado tu?" Hedi haitaki haraka. Kazi yake kubwa ni kusafisha na kupima, na hizo ndizo kazi mbili za kwanza kurukwa mtu anapoharakishwa.

Nizungumzie injini ambayo karibu kila mtaa wetu unaijua: ukoo wa A wa Toyota, hasa 5A-FE ya sentimita za ujazo 1498 na kaka yake 4A-FE ya 1587, zilizomo kwenye zile Corolla 100 na 110 ambazo bado zinabeba mikate, wanafunzi na maharusi. Bloku yake ni chuma cha kusubu, hedi ni aluminiamu, valvu ni 16, boliti za hedi ni 10, na taimingi ni ya mkanda wa mpira. Kwa mtu anayetaka kujifunzia nyumbani ni injini ya huruma. Nafasi ya mkono ipo, spea zipo, na mkanda ukikatika valvu hazigongani na pistoni.

Tatizo linaanzia kwenye ndoa ya vyuma viwili. Aluminiamu ikipata joto hutanuka karibu mara mbili ya chuma cha kusubu. Hedi yenye urefu wa kama sentimita 40, ikipanda kutoka joto la asubuhi hadi joto la kazi, inataka kuipita bloku kwa karibu theluthi ya milimita. Gasketi iliyo katikati imetengenezwa kuuvumilia mvutano huo kila siku, kwa miaka. Isichovumilia ni joto la kupindukia. Maji yakiisha, katikati ya hedi hupata moto kuliko kingo, aluminiamu hulainika, nayo haiwezi kutanuka itakavyo kwa kuwa imebanwa na boliti. Inajikunja. Ikipoa hairudi ilivyokuwa. Na ukiimwagia maji baridi ikiwa katika hali hiyo, upande mmoja hunywea ghafla huku mwingine bado umevimba, na ufa hutokea, mara nyingi kwenye kijidaraja chembamba kati ya viti vya valvu.

Dalili mafundi wanazijua kwa macho. Chomoa kijiti cha oili: ikiwa oili imegeuka chai ya maziwa, maji yameingia. Fungua kifuniko cha rejeta asubuhi injini ikiwa baridi, uwashe, uangalie kama mapovu yanapanda mfululizo bila kukoma. Shika mpira wa juu wa rejeta: ukiwa mgumu ndani ya dakika moja ya kuwasha, wakati maji hayajapata hata uvuguvugu, hiyo si presha ya joto. Ni gesi ya mwako imepata njia. Moshi mweupe wenye harufu tamu ni ishara nyingine, lakini kwetu wengi hutia maji matupu kwenye rejeta, kwa hiyo hata utamu wenyewe haupo.

Kabla ya kugusa boliti yoyote, azima geji ya kompresheni. Kitabu cha Toyota kinataka kilo 13.5 kwa sentimita ya mraba, na kisichokubalika ni chini ya 10. Tofauti kati ya silinda na silinda isizidi kilo moja. Silinda mbili zilizo jirani zikiwa chini kwa pamoja, gasketi imekatika katikati yake. Silinda moja ikiwa chini, tia kijiko cha oili kwenye tundu la plagi, upime tena: ikipanda, ugonjwa uko kwenye ringi, na hapo kufungua hedi pekee ni kupaka rangi nyumba yenye msingi mbovu. Isipopanda, ugonjwa uko juu, nawe una kazi ya kufanya.

Tuna mazoea ya kudhani kwamba hedi ni mambo ya kiwandani. Historia haisemi hivyo. Magari mengi ya mwanzo hedi ilisubiwa pamoja na silinda, ikawa hakuna cha kufungua. Ford Model T, iliyoanza kuuzwa 1908, ilikuja na hedi ya kufungua kwa boliti, na mkulima wa Marekani akaweza kuikwangua kaboni mwenyewe bandani kwake. Nasi tumerithi hedi ya kufunguka, tukasahau kwamba ilifanywa ifunguke ili ifunguliwe.

Basi tuingie uani. Toa waya hasi wa betri, mwaga maji injini ikiwa imepoa kabisa, andika namba kwenye kila waya wa plagi na kila mpira wa upepo. Piga picha kwa simu kabla ya kuchomoa chochote. Hii ndiyo zana ambayo baba zetu hawakuwa nayo. Zungusha injini mpaka pistoni ya kwanza iwe juu, alama ya puli ya krenki iwe kwenye sifuri na kitundu cha puli ya kamshafti kilingane na alama yake. Usiendelee kabla hujaziona alama hizo kwa macho yako mwenyewe, maana ndizo utakazorudi kuzitafuta siku ya kufunga.

Kamshafti za injini hii zina hila kidogo. Moja huvutwa na mkanda, nayo humvuta mwenzake kwa gia, na gia moja ina mwenza mwembamba mwenye springi anayemeza mlegezo ili isipige kelele. Ukiing'oa bila kuifunga gia hiyo kwa boliti ndogo ya milimita 6, springi inajifyatua, na kuirudisha ni adhabu. Kamshafti yenyewe itolewe ikiwa sawasawa, kofia zake zikilegezwa kidogo kidogo kwa zamu. Mtu anayelegeza upande mmoja hadi mwisho huipa kamshafti nafasi ya kuinama, ikavunja ukingo wa aluminiamu unaoishikilia. Kofia zina namba na mishale. Ziheshimu.

Boliti za hedi hulegezwa kuanzia kingoni kuja katikati, kwa mizunguko kadhaa. Kufunga ni kinyume chake, katikati kwenda kingoni. Zina urefu wa aina mbili: za upande wa kuingiza hewa milimita 90, za upande wa eksozi milimita 108. Watu huzichanganya kwenye kopo moja, kisha siku ya kufunga boliti ndefu inagonga chini ya tundu fupi, spana inasema tayari wakati hedi haijabanwa. Chukua kadibodi, toboa matundu, uchore umbo la hedi, kila boliti ikae mahali pake. Kadibodi ya pili ni ya valvu zote 16 na vikombe vyake. Valvu na kiti chake vimezoeana, usiviachanishe.

Hedi ikishakaa mezani, kishawishi kikubwa ni kuchukua msasa wa mashine na kuisugua ing'ae. Hapa nina ugomvi na gereji nyingi. Chenga za msasa ni ngumu kuliko chuma, huingia kwenye njia za oili, na oili huzipeleka kwenye beringi za krenki. Injini iliyokuwa na gasketi mbovu tu hurudi baada ya miezi michache ikiwa imenoki, na mwenye gari huambiwa ni oili feki. Mabaki ya gasketi yatolewe kwa kwanguo la plastiki au mti mgumu, dawa ya kulainisha, na subira. Juu ya bloku vivyo hivyo, matundu yakiwa yamezibwa kwa vitambaa safi.

Sasa kupima. Unahitaji rula ya chuma iliyonyooka kwelikweli na fila geji. Laza rula kwenye uso wa hedi kwa mistari sita: miwili kwa urefu, miwili kwa upana, miwili kwa kukatisha kona. Kila mahali jaribu kupenyeza jani la milimita 0.05. Likipita, hedi imepinda kuliko kipimo cha Toyota kwa upande wa bloku. Upande wa manifoldi inaruhusiwa hadi 0.10. Kisha rudia kipimo hichohicho juu ya bloku, kitu ambacho karibu hakuna anayekifanya. Hedi iliyonyooka juu ya bloku iliyozama itachoma gasketi nyingine, na lawama itamwangukia aliyeuza gasketi.

Hapo ndipo kazi ya nyumbani inapokoma kwa muda na hedi kupanda bajaji kwenda kwa wachonga vyuma. Dar es Salaam wengi huenda Gerezani; Nairobi wanajua njia ya Kirinyaga, ile iliyokuwa Grogan. Nenda na maneno kamili, usiseme tu "niangalizie hii hedi". Sema unataka ipimwe presha kwanza: matundu ya maji yazibwe, itiwe upepo ikiwa ndani ya maji ya moto, mapovu yatazamwe. Kipimo hicho kitangulie kuskimu, yaani kuuchonga uso wa hedi unyooke, kwa sababu kuskimu hedi yenye ufa ni kulipia kifo. Ikiwa nzima, iskimiwe kwa kiasi kidogo kabisa kinachoinyoosha. Kila tabaka linaloondoka linapandisha kompresheni na kuchelewesha taimingi ya kamshafti kidogo, na hedi iliyoskimiwa mara nyingi huanza kunoki kwa petroli ya kawaida. Muulize fundi ameondoa kiasi gani, ukiandike. Akikujibu "kidogo tu, bosi", mwombe apime mbele yako.

Wakati ipo hapo, miongozo ya valvu ichunguzwe. Valvu ya kuingiza hewa isiwe na mlegezo unaozidi milimita 0.08 ndani ya mwongozo wake, ya eksozi 0.10. Kuzidi hapo, sili mpya hazitafua dafu, na ule moshi wa buluu wa kila asubuhi utaendelea. Viti vilivyoliwa huchongwa kwa nyuzi 30, 45 na 60 ili mguso ubaki mkanda mwembamba wa milimita 1.0 hadi 1.4 katikati ya uso wa valvu. Mkanda ukiwa mpana mno valvu haikati vizuri. Ukiwa mwembamba mno joto halipati njia ya kutoka, na valvu ya eksozi huungua ukingo.

Kusaga valvu turudi nako nyumbani, na kwangu ndiyo sehemu tamu ya kazi nzima. Pesti kidogo ya kusagia kwenye uso wa valvu, kijiti chenye mpira wa kunyonya, kisha pekecha kwa viganja, ukiinua na kugeuza kila baada ya muda. Sauti hubadilika. Mwanzo inakwaruza, baadaye inakuwa laini kama inateleza kwenye mafuta. Futa, angalia: ukiona duara la kijivu lisilokatika popote, acha. Kuendelea ni kuila valvu bure. Pesti yote ioshwe, si kupanguswa. Halafu funga valvu na springi zake, geuza hedi, mimina mafuta ya taa kwenye vyumba vya mwako, ukanywe chai. Ukirudi ukakuta chumba kimoja kimepungua, ile valvu inakudai.

Sili za valvu zote ziwe mpya hata kama za zamani zinaonekana nzima, kwani mpira uliopikwa miaka 20 hauonyeshi ugumu wake kwa macho. Kubana springi kunahitaji klampu yake, na zile kabari mbili ndogo zinazoishika valvu zina tabia ya kuruka na kupotelea mchangani. Tandika shuka chini kabla hazijaruka.

Dukani Kariakoo utasikia swali lilelile. "Kaka, nipe seti ya juu ya 5A." "Orijino au ya kawaida?" Kwa taa na vioo, ya kawaida haina neno. Kwa gasketi ya hedi, nunua bora unayoweza kuimudu, hata ikibidi kazi isubiri mwisho wa mwezi. Linganisha matundu yake na bloku ukiwa dukani ikiwa unayo ya zamani mkononi. Nakusihi usikubali kuuziwa silikoni ya kuipaka. Gasketi ya hedi hufungwa kavu na safi. Silikoni ina sehemu zake ndogo kwenye injini hii, pembeni mwa kofia za kamshafti na kwenye zile plagi za nusu duara, na hapo pia ni tone. Inayobaki huminyika kwa ndani, ikakatika, ikaenda kuziba chujio la pampu ya oili.

Siku ya kufunga, anza na matundu ya boliti ndani ya bloku. Yapulizwe upepo, yafutwe, yakauke. Oili au maji yakibaki chini ya tundu lisilotokeza, boliti ikishuka haina pa kuyapeleka, na bloku inaweza kupasuka kwa nguvu ya spana ya mkono. Nyuzi za boliti na chini ya kichwa chake zipakwe oili nyepesi. Kisha spana ya toki: niutoni mita 29, kuanzia katikati, kwa zamu. Hiyo ni nguvu ndogo ajabu, sawa na kuning'iniza kilo kumi kwenye mpini wa sentimita 30, na mtu aliyezoea kufunga kwa hisia ataiona ni mzaha. Inayobana hasa ni hatua mbili zinazofuata. Weka doa la rangi kwenye kila boliti upande unaotazama mbele ya injini. Zungusha zote robo duara, nyuzi 90. Zungusha tena nyuzi 90. Madoa yote sasa yatazame nyuma. Asiye na spana ya toki aiazime, aikodi, au asifungue hedi kabisa.

Nafasi za valvu hupimwa injini ikiwa baridi: milimita 0.15 hadi 0.25 kwa za kuingiza, 0.25 hadi 0.35 kwa za eksozi. Baada ya kusaga na kuchonga, valvu zimepanda juu kidogo, kwa hiyo nafasi nyingi zitakuwa zimebana. Marekebisho ni ya shimu, visahani vinavyopishana unene kwa milimita 0.05. Usikimbilie kununua. Zipime ulizo nazo, uzibadilishane kati ya valvu na valvu. Mara nyingi zinazokosekana ni chache. Fundi anayesema "hizi hazina haja ya kupimwa" anakuachia valvu ya eksozi isiyofunga ikipata moto, ambayo itaungua kimyakimya mwaka mzima.

Mkanda urudi kwenye alama zake, kisha zungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili kamili na uangalie alama tena. Ikigoma, usilazimishe.

Halafu kuna suala la kwa nini lilichemsha. Hedi iliyotengenezwa vizuri na kurudishwa kwenye mfumo uleule wa maji itaharibika vilevile. Pwani tuna imani kwamba kulanti, ile dawa ya maji ya rejeta, ni ya nchi za barafu, nasi maji ya bomba yanatutosha, au ya kisima, ambayo sehemu nyingi za Dar ni ya chumvi. Chumvi na aluminiamu havipatani. Angalia hedi yako pale matundu ya maji yanapokutana na gasketi: ukiona imetafunwa kama imelambwa na asidi, jibu unalo. Kulanti ina kinga ya kuzuia kutu na hupandisha kiwango cha kuchemka. Kifuniko cha rejeta nacho si kifuniko tu. Chenye alama 0.9 huzuia presha kiasi kwamba hata maji matupu hayachemki mpaka yafike karibu nyuzi 118. Springi yake ikichoka, mfumo mzima unarudi kwenye nyuzi 100.

Na themostati. Kwenye injini nyingi za Toyota ina kisahani cha chini ambacho, ikifunguka, huziba njia ya mkato ili maji yote yalazimike kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi, na sehemu ya maji ya moto inazunguka kurudi kwenye injini bila kupoozwa. Foleni ikiwa nyepesi injini inakuwa baridi kupita kiasi na inakula petroli. Kwenye kilima cha Kitonga ukiwa na mzigo, inachemsha. Nunua mpya, iweke kwenye sufuria la maji na kipimajoto. Ianze kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84, na kufikia 95 iwe imeinuka milimita 8 au zaidi. Isipofanya hivyo irudishe dukani na risiti yake.

Kabla ya kuwasha, chomoa soketi za injekta na kuzima mfumo wa kuwasha moto, upige starta kwa vipindi vifupi mpaka taa ya oili izimike. Kisha washa, kifuniko cha rejeta kikiwa wazi na hita ikiwa imefunguliwa, uendelee kujaza kadiri hewa inavyotoka. Tepeti zitapiga kelele kidogo mwanzoni. Oili unayowashia mara ya kwanza ni ya kusafishia. Imwage baada ya kilomita mia chache pamoja na chujio lake, hata kama bado ina rangi ya asali, na kila asubuhi ya wiki ya kwanza angalia kiwango cha maji kabla hujageuza ufunguo.